Kati ya ubongo na ovari, nani hasa anashika saa ya mzunguko wa hedhi?

Mwl_Sayansi

Wanajamvi, salaam. Naomba msaada kwenye sehemu ya somo la uzazi ambayo vitabu vingi vinaipita mbiombio.

Tunafundisha hivi: haipothalamasi, sehemu ya chini ya ubongo, hutoa homoni ya GnRH, GnRH huiamsha tezi ya pituitari iliyo chini yake, pituitari humwaga homoni za FSH na LH, nazo huziamuru ovari. Kwa mpangilio huo mwanafunzi anaondoka akiamini ubongo unatawala na ovari zinatii tu. Aya inayofuata inasema estrojeni ya ovari huizuia pituitari. Aya moja mbele inasema estrojeni hiyohiyo huichochea pituitari itoe LH nyingi mpaka yai litoke. Mwanafunzi makini akiuliza "sasa inazuia au inachochea?", jibu la "inategemea siku" halimtoshi.

Kwa hiyo naomba: inakuwaje homoni moja ifanye kazi mbili zinazopingana? Nani anahesabu zile siku, ubongo au ovari? Na hedhi ikikatika, vipimo vya damu vinaonyeshaje kwamba tatizo liko juu kichwani au chini kwenye ovari? Ningependa majibu yenye namba.

---

Fiziolojia_Kwanza

Mwalimu, anza na jambo ambalo mchoro wa mishale hauwezi kulionyesha: GnRH haitiririki, inapiga kama ngoma.

GnRH ni peptidi ndogo ya asidi amino 10. Inamwagwa kwenye mishipa midogo inayounganisha haipothalamasi na pituitari, na nusu yake inaharibiwa ndani ya dakika 2 hadi 4. Ndiyo maana hospitali haiipimi kwenye damu ya mkononi. Ikifika huko imeshakwisha. Kabla yai halijatoka, pigo moja linakuja kila dakika 60 hadi 90. Baada ya yai kutoka, homoni ya projesteroni kutoka kwenye ovari inalegeza mwendo na mapigo yanaachana kwa saa 3 au 4, wakati mwingine zaidi. Pituitari inausoma mwendo huo: mapigo ya haraka yanaifanya ipendelee kutengeneza LH, ya polepole yanaipendelea FSH.

Ukiondoa nafasi kati ya pigo na pigo, yaani GnRH ikimwagika mfululizo, pituitari inaficha vipokezi vyake na kunyamaza. Dawa kama leuprolide na goserelin zinafanya kazi kwa njia hiyohiyo. Wiki ya kwanza au mbili zinapandisha FSH na LH, kisha zinazima mhimili wote wa ubongo na ovari, na ndiyo sababu hutumika kwa endometriosisi (tishu kama utando wa mji wa mimba kuota nje yake) na kwa watoto waliobalehe mapema mno. Mgonjwa asipoelezwa kuhusu wiki hizo za mwanzo atadhani dawa inamzidishia ugonjwa.

Sasa tuje kwenye estrojeni. Fuata mzunguko mmoja.

Siku chache kabla ya hedhi, mwili wa manjano wa mzunguko uliopita, yaani kifuko kilichobaki baada ya yai kutoka, unakufa. Estrojeni, projesteroni na inhibini A, homoni nyingine ya ovari, zinashuka pamoja, breki inaachiwa, FSH inapanda. FSH hiyo inakuta folikuli kadhaa, yaani vifuko vidogo vyenye mayai, vya milimita 2 hadi 5, na kuzikuza. Ndani ya kila folikuli kuna mgawanyo wa kazi. Seli za theka, kwa amri ya LH, zinatengeneza androjeni (homoni za jamii ya kiume) kutoka kwenye kolesteroli. Seli za granulosa, kwa amri ya FSH, zinazigeuza androjeni hizo kuwa estradioli, estrojeni kuu ya mwili, kwa kimeng'enya cha aromatesi. Kundi moja peke yake halitoi estrojeni ya kutosha.

Estradioli na inhibini B zikianza kupanda, zinairudisha FSH chini. Huu ndio mrejesho hasi, na watu wengi hawaambiwi una faida gani: unachagua mshindi. FSH inapopungua, folikuli nyingi zinakosa chakula na kufa. Inayobaki ni ile yenye vipokezi vingi vya FSH na mishipa mizuri ya damu, ambayo ikifika kama milimita 10 inaota pia vipokezi vya LH kwenye granulosa, hivyo haitegemei tena FSH peke yake. Kuanzia hapo inakua takriban milimita 2 kwa siku. Ushahidi wa jambo hili unaonekana kwenye matibabu ya kupandikiza mimba: mwanamke anachomwa FSH kutoka nje, mlango unabaki wazi, na mayai mengi yanakua badala ya moja.

Kuhusu kugeuka kwa estrojeni kutoka mzuiaji kuwa mchochezi, vinahitajika vitu viwili kwa pamoja, kiwango na muda. Estradioli ikiwa ya wastani inazuia. Ikizidi takriban pikogramu 200 kwa mililita na ikadumu hapo saa 48 hivi, pituitari inabadilika: inaongeza vipokezi vya GnRH, inalimbikiza LH tayari kwa kumwagwa, na kila pigo la GnRH sasa linatoa LH nyingi kuliko jana. Kiwango kikifika halafu kikaanguka baada ya saa 20, wimbi la LH haliji. Folikuli yenye uwezo wa kutoa estradioli nyingi kiasi hicho kwa siku mbili ni ile iliyokomaa tu, kwa hiyo estrojeni ni taarifa kutoka kwa yai kwamba liko tayari.

Wimbi likianza, yai linatoka baada ya saa 34 hadi 36, folikuli ikiwa na milimita 18 hadi 25. Ndani ya saa hizo yai linaendelea na mgawanyiko wake uliokuwa umesimama tangu kabla ya mtoto wa kike kuzaliwa, prostaglandini zinaongezeka, na vimeng'enya vinalainisha ukuta mpaka unapasuka. Ndiyo maana anayetafuta mimba asimeze dawa za maumivu za jamii ya indomethasini mfululizo siku hizo bila kumwuliza daktari. Zinaweza kuzuia folikuli kupasuka hata kama LH imepanda vizuri.

---

Kisima

Nyongeza ndogo: kwa hiyo estrojeni ikishuka mwisho wa mzunguko ndipo damu ya hedhi inatoka, sawa?

---

Fiziolojia_Kwanza

Kisima, estrojeni na projesteroni zote mbili zinashuka, lakini anayebomoa ni projesteroni kuondoka. Estrojeni ilijenga utando wa ndani wa mji wa mimba. Projesteroni ikauimarisha na kuzuia prostaglandini na vimeng'enya vinavyokata nyuzi za tishu. Projesteroni ikiondoka, vimeng'enya hivyo vinaachiwa, mishipa iliyojisokota kama kamba inabana, tabaka la juu linakosa oksijeni na kumomonyoka. Tabaka la chini linabaki na ndilo linaloota upya. Damu inayopotea kwa kawaida ni mililita 30 hadi 40 kwa hedhi nzima. Ikizidi 80 ni nyingi.

Kuna wanawake wanaotokwa na damu baada ya estrojeni kushuka bila yai kutoka. Hiyo si hedhi kamili, na kwa kawaida haina mpangilio: inachelewa, kisha inakuja nyingi na ndefu, kwa sababu utando ulikua bila projesteroni ya kuuimarisha.

---

Mtafiti_Mhimili

Naomba nijibu swali la pili, ambalo kwangu ndilo tamu kuliko yote, maana lilijibiwa kwa majaribio.

Ernst Knobil na wenzake, huko Pittsburgh, Marekani, walifanya kazi na nyani aina ya rhesus, ambao mzunguko wao ni wa siku 28 hivi kama wa binadamu. Waliharibu sehemu ya haipothalamasi inayotoa mapigo ya GnRH. FSH na LH zikatoweka, ovari zikalala. Kisha wakaunganisha pampu inayotoa GnRH kwa dakika 6 kila saa moja, kiwango kilekile, usiku na mchana, bila kubadilisha chochote. Mzunguko ukarudi wote: folikuli moja ikakua, estradioli ikapanda, wimbi la LH likaja katikati, yai likatoka. Walipotoa GnRH mfululizo bila mapumziko, hakuna kilichofanya kazi. Matokeo hayo yalichapishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwaka 1980.

Tafakari maana yake, mwalimu. Pampu haijui leo ni siku ya ngapi. Haikuongeza GnRH siku ya 13. Aliyeleta siku ya 13 ni folikuli, kwa muda inaouchukua kukomaa. Na aliyeleta siku ya 28 ni mwili wa manjano, kwa umri wake wa kuishi. Ovari ndiyo saa. Ubongo unatoa mapigo yanayoiwezesha saa hiyo kutembea. Kwa wanawake ambao haipothalamasi yao haitoi mapigo, pampu ya GnRH inayopiga kila dakika 60 hadi 90 imetumika kutibu, na mayai yanatoka bila mtu kubadilisha mwendo wake katikati ya mzunguko.

Hata hivyo usiufanye ubongo kuwa mashine isiyo na kauli. Ubongo una kura ya turufu. Mapigo ya GnRH yanaendeshwa na neuroni, yaani seli za neva, zinazotoa kemikali iitwayo kisipeptini. Mwaka 2003 ilionekana kwamba watu wenye hitilafu ya kurithi kwenye kipokezi cha kisipeptini hawabalehe. Neuroni hizo zinapokea habari za mwili mzima. Mafuta ya mwili yakipungua, leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta hayo, inashuka na mapigo yanapungua. Prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, ikipanda, mapigo yanapungua. Msongo mkali na mazoezi yasiyolingana na chakula, vivyo hivyo. Ubongo hauwezi kuharakisha folikuli, lakini unaweza kukataa isianze safari.

Hapo ndipo inapotoka kanuni moja yenye manufaa sana: mfadhaiko au ugonjwa unachelewesha hedhi kwa kuchelewesha yai. Yai likishatoka, mwili wa manjano unaishi takriban siku 12 hadi 14 na hauongezi siku kwa sababu ya mtihani wala msiba. Kwa hiyo mzunguko wa siku 35 kwa kawaida una yai linalotoka karibu siku ya 21, na ule wa siku 25 karibu siku ya 11. "Siku ya 14" ni ya mzunguko wa siku 28 tu, na hata huko inasogea.

Kitu kimoja tu kinarefusha maisha ya mwili wa manjano: hCG, homoni ya mimba inayotoka kwa kiinitete. Inakaa kwenye kipokezi kilekile cha LH na kuuambia usife, mpaka kondo la nyuma lichukue kazi ya kutoa projesteroni, takriban wiki ya 7 hadi ya 9 ya mimba.

---

Mwl_Sayansi

Ahsanteni sana, hasa kwa pampu. Hilo litaeleweka darasani. Bado swali la vipimo. Na nimesikia projesteroni hupimwa siku ya 21. Kwa maelezo ya Mtafiti, si itakuwa kosa kwa wengi?

---

Maabara_Homoni

Ni kosa kwa kila ambaye mzunguko wake si wa siku 28. Siku ya 21 ilichaguliwa kwa sababu ni siku 7 baada ya yai kutoka siku ya 14, wakati projesteroni iko kileleni. Mwenye mzunguko wa siku 35 ukimpima siku ya 21, huenda yai ndiyo kwanza linatoka, projesteroni itaonekana chini, na ataambiwa hatoi mayai. Hesabu siku 7 kurudi nyuma kutoka hedhi inayotarajiwa: siku 28 pima ya 21, siku 35 pima ya 28. Asiye na mpangilio arudie kupimwa kila wiki mpaka hedhi ije. Ikizidi nanogramu 3 kwa mililita, yai limetoka. Usishangae namba mbili za siku moja zikitofautiana sana: projesteroni nayo inatoka kwa mapigo, ikifuata LH.

Kwa hedhi iliyokatika, utaratibu wa kusoma ni huu. Kipimo cha kwanza ni cha mimba, hata kama mhusika anasema haiwezekani. Kisha FSH, LH, estradioli, prolaktini na TSH, homoni ya pituitari inayoiendesha tezi ya thairoidi. Anayepata hedhi apimwe FSH na estradioli siku ya 2 hadi ya 5, wakati breki ya ovari iko chini. Asiyepata kabisa apimwe siku yoyote.

FSH juu, estradioli chini: pituitari inapiga kelele, ovari haisikii. Chini ya miaka 40, FSH ikizidi 25 IU/L huku hedhi zikiwa zimekatika au kuachana kwa miezi 4 au zaidi, fikiria ovari kuchoka mapema; kama picha haijakaa sawa, rudia baada ya wiki 4.

FSH chini au "ya kawaida", estradioli chini: tatizo liko juu. Hapa ndipo watu wengi hudanganywa na neno kawaida. Estradioli ikiwa chini, pituitari yenye afya ingepaswa kuipandisha FSH. FSH iliyotulia hapo katikati si ya kawaida hata kidogo. Ndiyo maana FSH bila estradioli ya sampuli ileile ni nusu ya habari. Kosa la upande wa pili: estradioli iliyo juu siku ya 3 inaibana FSH na kuifanya ionekane nzuri wakati ovari imeshaanza kuishiwa mayai.

Prolaktini juu: uliza kwanza kuhusu kunyonyesha na dawa. Metoclopramide na dawa nyingi za magonjwa ya akili huipandisha. Angalia TSH, kwa sababu tezi ya thairoidi ikilegea, homoni ya ubongo inayoisukuma thairoidi huisukuma na prolaktini. Baada ya hapo ndipo ufikirie uvimbe wa pituitari.

Zote sawa na damu haitoki: angalia mji wa mimba wenyewe. Kovu baada ya kusafishwa kizazi linaweza kuunganisha kuta, na hapo homoni hazina kosa lolote.

Mambo mawili yanayoharibu majibu mara kwa mara. Mtu yuko kwenye vidonge au sindano ya uzazi wa mpango na hakusema. Namba zake hazisomeki kama za mzunguko wa asili. Na biotini ya dozi kubwa, ile ya vidonge vya nywele na kucha: kwenye mashine nyingi inashusha namba za FSH, LH na TSH kwa uongo na kupandisha ya estradioli kwa uongo. Ukitazama namba hizo bila kuuliza, unaona ugonjwa wa pituitari ambao haupo. Aiache angalau siku 2 kabla ya kupimwa.

---

Mkunga_Mwandamizi

Maabara kasema vizuri. Naongeza upande wa kitandani.

Daktari anaweza kutumia jaribio rahisi la projestini, dawa inayofanya kazi kama projesteroni: medroxyprogesterone miligramu 10 kila siku kwa siku 5 hadi 10, kisha anasubiri. Damu ikitoka ndani ya wiki moja hivi baada ya kuacha, maana yake estrojeni ilikuwepo, utando ulijengwa na njia iko wazi; kilichokosekana ni yai kutoka. Isipotoka, ama estrojeni haipo au mji wa mimba una kizuizi. Mimba iondolewe shaka kabla ya kidonge cha kwanza.

Kinachoonekana mara nyingi baada ya jaribio kuleta damu ni ovari zenye vifuko vingi. Kwa sababu yai halitoki, projesteroni haiji kuulegeza mwendo wa mapigo. Mapigo yanabaki ya haraka, LH inakuwa juu ukiilinganisha na FSH, theka zinajaza androjeni, na insulini iliyo juu inaziongezea. Folikuli zinaanza lakini zinakwama chini ya milimita 10. Wanawake hawa wasitegemee vijiti vya kupima LH kwenye mkojo: LH yao iko juu muda mrefu na kijiti kinaonyesha mstari bila wimbi lolote.

Tazama jinsi letrozole inavyowasaidia, mwalimu, maana ni mrejesho hasi mtupu. Inapewa mara nyingi miligramu 2.5 kwa siku 5 kuanzia siku ya 3. Inazuia aromatesi, estrojeni inashuka, pituitari inadhani ovari imelala, inapandisha FSH, folikuli iliyokwama inasukumwa. Iandikwe na daktari na ukuaji ufuatiliwe kwa ultrasaundi.

Dalili za kutosubiri: hedhi kukosekana miezi 3 kwa aliyekuwa na mpangilio au 6 kwa asiye nao, msichana aliyefika miaka 15 bila hedhi, maziwa kutoka kwa asiyenyonyesha pamoja na kichwa kuuma na macho kupoteza uoni wa pembeni. Na mama aliyetokwa na damu nyingi sana wakati wa kujifungua, kisha maziwa hayaji na hedhi hairudi, pituitari yake huenda ilikosa damu ikafa sehemu. Huyo anaweza kupungukiwa pia na kotisoli, homoni ya kukabili msongo, na hilo linaua.

---

Kisima

Na damu inayotoka wiki ya mapumziko ya vidonge vya uzazi wa mpango, je, ina maana ovari inafanya kazi?

---

Mkunga_Mwandamizi

Hapana, dada. Vidonge vyenye estrojeni na projestini vinapunguza mapigo ya GnRH, FSH haipandi kukuza folikuli, wimbi la LH haliji. Damu ile ni ya utando kupoteza homoni za kidonge. Hatari iko mwanzoni mwa pakiti: siku 7 bila kidonge, FSH inaanza kupanda na folikuli zinaamka. Ukichelewa kuanza pakiti mpya unarefusha siku hizo, na folikuli moja inaweza kupata nafasi ya kushinda. Kusahau kidonge kimoja katikati ya pakiti hakuna uzito huo.

Kidonge cha dharura cha levonorgestrel nacho kinafanya kazi kwa kuzuia wimbi la LH. Likishaanza, kimechelewa; kidonge kingine cha dharura, ulipristal, kinaweza bado kuchelewesha yai mpaka LH inapokaribia kilele. Ndiyo sababu tunasema anywe mapema iwezekanavyo, asingoje kesho.

---

Mtafiti_Mhimili

Mwalimu, ukichora ubaoni, usianzie siku ya 1 kushoto. Weka kilele cha LH katikati na ukiite siku 0, kisha hesabu kurudi nyuma na kwenda mbele. Upande wa kulia uchore siku 14 kwa wote. Upande wa kushoto mchoree mmoja siku 10, mwingine 14, mwingine 21. Juu kabisa weka mapigo ya GnRH kama vistari: vya karibukaribu kushoto, vya mbalimbali kulia. Chini yake mstari wa estradioli uwe na kilele kimoja kirefu siku moja hivi kabla ya 0 na kilima kipana karibu siku ya 7. Projesteroni ilale chini mpaka 0, kisha ipande kwenye kilima hichohicho. FSH mpe miinuko miwili, mmoja siku ya 0 na mwingine kwenye kingo zote mbili za ubao, ili mwanafunzi aone kwamba mwisho wa mzunguko mmoja na mwanzo wa mwingine ni tukio moja.